Kipindi cha mjadala cha asubuhi redioni: namna ya kukiandaa Arusha na Moshi

Vipindi vingi vya asubuhi hufunguliwa kwa mtindo mmoja: salamu, wimbo, magazeti, kisha mada inatupwa hewani na simu zinafunguliwa. Mada yenyewe huwa pana kuliko uwanja wa Sheikh Amri Abeid. "Ugumu wa maisha, tufanyeje?" Watu wanalalamika saa nzima, mtangazaji anawashukuru kwa kuchangia, na hakuna ofisi iliyosikia swali lolote inalopaswa kulijibu. Kesho yake mada ni nyingine, malalamiko ni yale yale.

Mwongozo huu ni wa kipindi cha saa mbili, saa 1:00 hadi saa 3:00 asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa, chenye watu wanne: mtangazaji, mwandaaji, fundi mitambo na mwandishi wa mtaani. Kituo kidogo kinaweza kwenda na watatu kwa kumuunganisha mwandaaji na mwandishi. Wawili hawatoshi. Anayechuja simu hawezi kuwa ndiye anayeongea hewani, na anayejaribu kufanya yote mawili huishia kumrusha hewani mtu asiyejua atasema nini.

Hatua ya 1: Chagua mada yenye mtaa, ofisi na tarehe

Kazi hii inafanyika siku nne za kazi kabla ya kipindi, kabla ya saa 8 mchana. Kila mada ipimwe kwa maswali matatu. Inatokea mtaa gani? Ofisi gani ina wajibu wa kujibu? Kuna tarehe gani, iliyopita au inayokuja, tunayoweza kuishika? Mada ikikosa moja kati ya hayo, bado haijaiva.

Chukua mfano wa taka. "Usafi wa mji wetu" si mada, ni kichwa cha hotuba. Mada ni hii: gari la taka halijapita mitaa mitatu ya kata moja kwa wiki mbili, wakazi wana risiti za ada ya mwezi huu, je, mzabuni ni nani na gari linarudi lini? Hapo una mtaa, una halmashauri ambayo kisheria ndiyo yenye jukumu la taka, na una wiki mbili za kuhesabu. Mpiga simu naye anajua aseme nini: gari lilipita kwake lini mara ya mwisho.

Mtego mkubwa ni kumbebesha mzigo asiye wake. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS. Za mitaa na vijijini ni za TARURA, iliyoanza kazi mwaka 2017. Diwani ukimbana kwa shimo lililopo kwenye barabara kuu ya Arusha–Moshi, atajitetea kwa dakika kumi na atakuwa sahihi. Maji ya Jiji la Arusha yako chini ya AUWSA, ya Moshi mjini MUWSA, na ya vijijini kwa sehemu kubwa RUWASA. Bei ya maji na umeme hupitishwa na EWURA, kwa hiyo meneja wa mamlaka ya maji hawezi kukuambia ataishusha kesho. Nauli za daladala na mabasi ziko LATRA. Ukweli ni kwamba nusu ya ubishi unaosikika asubuhi ungekwisha kama mwandaaji angebandika karatasi moja ukutani inayoonyesha nani anajibu nini.

Kalenda nayo inakusaidia kutokushtukizwa. EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Mada ya nauli za bodaboda na bei ya mkaa ipange Alhamisi yake. Januari ni ada, sare na michango ya shule. Machi hadi Mei ni masika: mitaro, maporomoko, barabara za Machame na Marangu zinazokatika, wakulima wanaouliza mbegu. Ripoti ya CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, hufika bungeni Aprili, na ndani yake kuna kurasa za halmashauri zako ambazo magazeti ya Dar es Salaam hayatazigusa. Bajeti ya serikali ni Juni na mwaka wa fedha unaanza Julai 1, siku nzuri ya kuuliza kilichotengwa mwaka uliopita kimeishia wapi. Kahawa huvunwa nusu ya pili ya mwaka. Kuanzia katikati ya Desemba Wachaga wanarudi nyumbani, na tiketi ya basi kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi inageuka mada yenyewe bila kusukumwa.

Baraza la madiwani hukaa kila robo ya mwaka. Mpeleke mwandishi akakae mpaka mwisho, maana yanayosemwa baada ya chakula cha mchana mara nyingi ni mazito kuliko ya ufunguzi.

Hatua ya 2: Mwalike mwenye jibu

Mtumishi wa umma hawezi kuja studio kwa kupigiwa simu tu usiku. Andika barua yenye nembo ya kituo kwenda kwa mkurugenzi wa halmashauri, au meneja wa taasisi husika, siku tatu za kazi kabla, na umpelekee nakala afisa habari wao. Barua itaje siku, saa ya kufika, muda atakaokuwa hewani, mada kwa sentensi moja, na maeneo manne au matano mtakayoyagusa. Usimpe maswali neno kwa neno. Akiyapata, atakuja na karatasi aliyoandikiwa na mtu mwingine, na msikilizaji anasikia mtu akisoma.

Unapohitaji takwimu au nyaraka, ziombe kwa maandishi mapema. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaipa ofisi siku 30 za kujibu, kwa hiyo ombi la mada ya Julai liandikwe mwanzoni mwa Juni.

Mpigie mgeni saa 12 jioni ya siku ya kuamkia kipindi, kisha tena saa 12:30 asubuhi. Kila siku uwe na mgeni wa akiba anayekaa karibu na studio: wakili, mhandisi mstaafu, mwalimu wa uraia, mtu asiyehitaji kibali cha kuongea. Asipotokea aliyealikwa, mtangazaji aseme tu yaliyotokea: "Tuliiandikia ofisi barua tarehe fulani, tukathibitishiwa jana jioni, hadi sasa mgeni hajafika." Basi. Kejeli na vijembe vinakupotezea mgeni wa mwezi ujao, na pengine alikwama foleni ya Sakina.

Afike dakika 20 kabla. Muulize vyeo vyake na uviandike kama anavyovitaja. Diwani na mbunge ni "Mheshimiwa", injinia ni "Mhandisi", na mzee wa mila kutoka Monduli anaamkiwa "shikamoo" hewani kama anavyoamkiwa nje ya studio. Simu yake izimwe kabisa. Kuiweka kimya hakutoshi, maana simu inayotafuta mtandao karibu na waya wa maiki huleta ule mngurumo wa "trrr-trrr" unaoingia moja kwa moja hewani.

Hatua ya 3: Kusanya sauti za mtaani jioni ya kuamkia kipindi

Wanaopiga simu saa 2 asubuhi si picha kamili ya wasikilizaji. Mama anayeuza ndizi Mbuyuni au Kilombero saa hizo yuko kazini, mikono imejaa. Usipomfuata, mada ya bei za sokoni itajadiliwa na wanaume waliokaa vijiweni. Kwa hiyo mwandishi aende sokoni au stendi kati ya saa 9 na saa 11 jioni. Kama mada ni ya wakulima wa mbogamboga, mnada wa Tengeru ni Jumatano na Jumamosi.

Rekodi watu wanane hadi kumi, utumie wanne au watano, kila mmoja sekunde 20. Omba ruhusa kwanza, uliza jina na mtaa, kisha swali moja lisilojibika kwa ndiyo au hapana. "Unaridhika na huduma ya taka?" itakuletea "siridhiki". "Gari la taka lilipita kwako lini mara ya mwisho?" itakuletea habari.

Shika maiki umbali wa ngumi moja kutoka mdomoni, ukiwa umeupa upepo mgongo, na sponji iwe imevaliwa. Simama mbali na duka linalopiga muziki. Kelele ya soko haina shida, ina hata ladha yake. Muziki ndio unaoharibu, kwa sababu ukikata sentensi katikati wimbo nao unaruka, na sikio linajua pamekatwa. Jambo lingine linalosahaulika: rekodi sekunde 30 za soko tupu bila mtu kuongea, uzitumie kuziba viraka wakati wa kuhariri.

Hatua ya 4: Andika ratiba ya dakika kwa dakika

Ratiba iwe kwenye karatasi, nakala tatu, na saa kubwa ya ukutani ionekane na wote. Mfano unaokaa vizuri:

1:00 taarifa fupi ya habari, dakika 5
1:05 salamu, hali ya hewa, barabara na foleni, dakika 7
1:12 magazeti, dakika 13
1:25 matangazo ya biashara, dakika 4
1:29 kufungua mada na sauti za mtaani, dakika 6
1:35 mgeni wa kwanza: mkazi au mwakilishi wa walioathirika, dakika 15
1:50 matangazo, wimbo mmoja, tangazo la namba za simu, dakika 10
2:00 habari, dakika 5
2:05 simu na ujumbe, dakika 25
2:30 matangazo, dakika 4
2:34 ofisi inajibu, dakika 18
2:52 kurudia ahadi zilizotolewa na kutangaza mada ya kesho, dakika 5
2:57 matangazo ya mwisho, dakika 3

Mpangilio wa mkazi kwanza, simu katikati na ofisi mwishoni si wa bahati mbaya. Ukimweka ofisa mwanzoni, anatoa maelezo ya jumla, anaondoka saa 1:50, na simu zote zinazofuata zinakiuliza kiti kitupu. Akikaa studio akisikiliza dakika 25 za simu, karatasi yake mkononi, majibu yake yanakuwa mengine kabisa. Mwandaaji amwandikie muhtasari wa maswali matano yaliyojirudia na ampe saa 2:28.

Hesabu ya simu: kila mchangiaji sekunde 90, pamoja na kumkaribisha na kumuaga inafika dakika mbili. Dakika 25 zinachukua watu 10 hadi 12, ukiacha nafasi ya kusoma ujumbe mfupi mara mbili. Ukiahidi "tutachukua simu zote", umeshadanganya.

Hatua ya 5: Kagua mitambo saa 11:45 alfajiri

Maiki iwe umbali wa sentimeta 10 hadi 15 kutoka mdomoni, imeelekezwa pembeni kidogo ili "p" na "b" zisipige kishindo. Panga viwango kwa sauti ya kawaida ya mtu akiongea, si "moja mbili, haloo haloo", kwa maana hakuna anayeongea hivyo hewani. Kwenye mita ya kidijiti maongezi yacheze kati ya desibeli -18 na -12, na kilele kisivuke -6. Wageni wengi husogea nyuma wakishazoea kiti, kwa hiyo fundi asiweke macho kwenye simu yake baada ya dakika ya tano.

Laini ya simu ndiyo inayosumbua kuliko vyote. Sauti inayorudi kwa mpigaji inapaswa kuwa na kila kitu kilichopo studio isipokuwa sauti yake mwenyewe. Ikirudi na sauti yake, atajisikia mara mbili na ataanza kuburuza maneno. Mara nyingine linatokea lile vumi linalokua mpaka fundi anafunga kila kitu. Jaribu kwa kumpigia mtu aliye nje ya jengo na kumuuliza anasikia nini. Laini ziwe mbili au zaidi: moja iko hewani wakati nyingine inachujwa.

Kama kituo kina kifaa cha kuchelewesha matangazo, kiweke sekunde 7 hadi 10, na kitufe cha kukata kiwe mkononi mwa mwandaaji. Mtangazaji yuko kwenye maongezi. Tusi likija yeye ndiye wa mwisho kulitambua. Kama kifaa hakipo, uchujaji wa simu uwe mkali maradufu, na mada nyeti kama migogoro ya ardhi au mifugo zipokee ujumbe wa sauti uliosikilizwa kwanza badala ya simu za moja kwa moja.

Ujumbe wa sauti wa WhatsApp huja katika aina ya faili ambayo programu nyingi za kurushia matangazo hazisomi. Ubadilishe kuwa WAV au MP3 kabla ya saa 1:00, uupandishe sauti, na uukate usizidi sekunde 60.

Umeme ukikatika, jenereta huchukua sekunde kadhaa kushika, na muda huo ndio unaozima kompyuta. UPS, yaani betri ya akiba, ibebe vitu vinne tu: kompyuta ya matangazo, mikisa ya kuchanganyia sauti, kiungo cha kwenda kwenye mnara na taa moja. Ukichomeka birika la chai kwenye UPS, siku umeme ukikatika itakufa kabla ya salamu.

Rekodi kipindi chote. MP3 ya chaneli moja kwa kilobiti 128 inakula takriban megabaiti 58 kwa saa, yaani 115 kwa kipindi, na miezi mitatu ya Jumatatu hadi Ijumaa haifiki gigabaiti 8. Hakuna kisingizio cha kukosa nafasi. Anayelalamika kwamba amechafuliwa jina huwa hasemi siku hiyo hiyo.

Kumbuka pia mlima. Mawimbi ya FM husafiri kama mwanga, na Meru wenye zaidi ya mita 4,500 haupishi. Anayekaa Ngarenanyuki, nyuma ya mlima, huenda hakusikii kabisa kutoka mnara wa mjini, na Rombo ina shida hiyo hiyo na Kilimanjaro kwa minara ya Moshi. Huko wakati mwingine redio za Kenya ndizo zinazoingia safi. Usitangaze "wasikilizaji wetu wa mkoa mzima" kisha ushangae kwa nini Rombo hawapigi simu. Wapatie kiungo cha intaneti na namba ya ujumbe wa sauti.

Magazeti

Soma jina la gazeti, kichwa cha habari, na sentensi mbili kwa maneno yako. Ukisoma habari nzima umegawa bure bidhaa ya mwenzako. Kurasa za mbele husambaa kwenye simu usiku kabla gazeti lenyewe halijafika Kaskazini, na katikati yake hupenyezwa za kughushi, hasa wakati wa uchaguzi. Linganisha na ukurasa rasmi wa gazeti husika. Anza na habari zinazogusa mkoa hata kama ziko ukurasa wa 9. Mtangazaji asichambue asichokisoma. Neno "inaonekana" likitamkwa mara tatu kwenye habari moja, ujue hajasoma.

Kuchuja na kupokea simu

Anayechuja aulize vitu vitano: jina, mtaa au kijiji, unataka kusema nini kwa sentensi moja, umeona mwenyewe au umesikia, redio yako imezimwa? La mwisho ndilo linalosahaulika. Redio ikiwaka karibu na simu, mpigaji anajisikia akichelewa na anaanza kujijibu.

Wengi watabipu. Wapigie. Ni gharama ya kituo, lakini mpigaji asiyehofia salio haharakishi.

Kisha kuna salamu. Mchangiaji wetu akipata nafasi atasalimia studio nzima, atamsalimia mama yake Kibosho, wafanyakazi wenzake wote wa gereji na "wote wanaonifahamu", na sekunde 50 zimekwisha. Kumkata katikati ya salamu ni utovu wa adabu, na wasikilizaji watakulaumu wewe. Dawa ni kumsalimia kwanza na kumpa swali kwenye pumzi ile ile: "Shikamoo mama Neema, karibu kutoka Pasua. Gari la taka kwenu lilipita lini?" Atajibu "marahaba", na atajibu swali.

Mwenye hasira mwache sekunde 20 za kwanza, kisha umwombe jambo moja la uhakika: tarehe, kiasi, mahali. Akianza kutaja jina la mtu akimtuhumu wizi, rushwa au ushirikina, mkate papo hapo na useme kwa nini: "Tuishie hapo kwenye jina, huyo hayupo hapa kujitetea." Yule mchangiaji anayepiga kila siku, na kila kituo kina wake watatu au wanne, apewe mara moja kwa wiki. Mwambie hivyo nje ya hewa, kwa heshima, wengi huelewa. Sauti za wanawake zisogezwe mbele kwenye foleni kila zinapopatikana, la sivyo dakika 25 zitakwisha kwa madume matupu.

Mchangiaji akiingia kwenye Kimaasai au Kichaga, mtangazaji amrudishe kwenye Kiswahili polepole. Asipoweza, amshukuru, na mwandaaji ampigie baadaye pamoja na mtu anayeijua lugha, ili hoja yake isomwe.

Kumhoji ofisa

Swali moja kwa wakati, lisizidi sekunde 15. Ukiuliza mawili pamoja atajibu lililo jepesi, na wewe utasahau lile jingine.

Kuna sentensi utakazozisikia kila wiki. "Tuko kwenye mchakato." Uliza: mchakato uko hatua gani, na karatasi iko mezani kwa nani? "Suala hilo linafanyiwa kazi." Na nani, tangu lini? "Fedha zimeshatengwa." Kutengwa ni kwenye bajeti, uliza kama zimeshaingia, shilingi ngapi, tarehe gani. Tofauti kati ya kutengwa na kutolewa ndiyo inayoacha zahanati bila paa. "Tunawaomba wananchi wawe na subira." Hadi tarehe gani? Na "changamoto" ikitajwa, mwombe aiite kwa jina lake: pampu imeungua, mkandarasi hajalipwa, gari halina matairi. Neno hilo limefunika matatizo mengi kuliko blanketi la Kimaasai lilivyofunika mabega.

Uliza bila kupandisha sauti. Ofisa akishakuwa na sababu ya kukasirika, msikilizaji atakumbuka ugomvi na kusahau jibu. Asipojibu, rudia swali mara ya pili kwa maneno yale yale; mara ya tatu sema, "Nadhani hatujapata tarehe," na uendelee. Siku pande mbili zinapokuwepo studio, mwandaaji aandike dakika za kila mmoja kwenye karatasi, maana hisia ya mtangazaji kuhusu nani ameongea zaidi huwa si sahihi.

Yanayopeleka kituo pabaya

Maneno ya mpiga simu yakisharushwa, kituo kinayabeba. Aliyekamatwa ni mtuhumiwa. Aliyesomewa mashtaka ni mshtakiwa. Mwizi ni yule tu aliyetiwa hatiani na mahakama. Kesi iliyo mahakamani isigeuzwe mada ya kupiga kura kwa simu. Mtoto aliyefanyiwa ukatili hatajwi jina, shule wala mtaa, na mzazi wake pia hatajwi, kwa kuwa kumtaja mzazi ni kumtaja mtoto. Namba ya bure ya kuripoti ukatili kwa watoto ni 116. Isome taratibu, mara mbili.

Usimrushe mtu hewani bila kumwambia kwamba yuko hewani. Hata akiwa ofisa mkaidi.

Ajali ikitokea kipindi kikiwa hewani, tangaza mahali na hali ya barabara, kwa sababu hilo dereva analihitaji sasa hivi. Idadi ya waliokufa ingoje Kamanda wa Polisi wa Mkoa au mganga mfawidhi wa hospitali. Majina yangoje familia. Picha za WhatsApp hazithibitishi kitu. Basi lililopinduka mkoa mwingine mwaka juzi hurudi kila msimu likiwa na maelezo mapya. Moto ukitajwa, soma 114 ya Zimamoto kabla ya kuuliza lolote.

Hatua ya mwisho: Daftari la ahadi

Kipindi hakiishi saa 3:00. Kaeni dakika 15, rekodi ikiwa mkononi, na mwandaaji aandike kwenye daftari la karatasi ngumu, si kwenye simu ya mtu anayeweza kuhamia kituo kingine: tarehe ya kipindi, jina na cheo, maneno yake halisi, tarehe aliyoitaja, na dakika ya rekodi yanapopatikana. Ahadi isiyo na tarehe iandikwe pia, pembeni iwekwe alama, na mtu apewe kazi ya kuipigia ofisi simu ndani ya siku mbili kuuliza tarehe.

Siku moja kabla ya tarehe hiyo mtume mwandishi mtaani kwenyewe, sio ofisini. Apige picha, azungumze na mkazi yule yule aliyepiga simu mara ya kwanza, aone kama gari limepita au bomba limetoa maji. Kisha ofisi ipigiwe na ielezwe kilichoonekana, ili isishtukizwe. Kama imetekelezwa, sema hivyo saa 1:29, mahali pale pale pa mada, usiitupe mwishoni kama shukrani za harusi. Kama haijatekelezwa, kata klipu ya sekunde 15 ambayo tarehe inasikika vizuri, irushe, usiongeze neno la kwako, kisha mgeukie mgeni: "Mhandisi, tarehe yenyewe ni leo. Maji yametoka?"